Nyoka Katika Chungu cha Mama Mkwe

Wiki iliyopita mliniacha mahali ambapo mwanamke mwenye heshima zake haachwi: nimechutama juu ya chungu migombani, tumbo linanguruma, mdomo unanuka mafuta ya mbarika, na watu wazima wamesimama nje ya majani wakisubiri kuona kitakachonitoka.

Kwa aliyechelewa nitasema kwa kifupi. Mimi ni Angetile, mke wa Lutengano, mama wa Ipyana, ambaye wakati ule alikuwa bado ananyonya. Tulikaa bondeni, kati ya Kyela na ziwa, enzi za Mdachi. Nilikuwa nakula sana na sinenepi. Basi ng'ombe wa baba mkwe walipokatika maziwa, na mtoto wa jirani akavimba tumbo, mpiga ramli alisema kijijini kuna mtu mwenye chatu tumboni. Kwetu mchawi hafugi bundi wala paka. Anafuga chatu ndani ya tumbo lake, chatu anakula nyama na maziwa ya watu, na dalili yake ni hiyo: mtu anakula, mifupa inabaki nje.

Kijiji kizima kikageuka kutazama mifupa ya shingo yangu.

Kisha mama mkwe akakung'uta mkeka ninaolalia na mwanangu. Vikaanguka vipande vyeupe, bapa, vya ukubwa wa mbegu ya boga, vinajinyonganyonga vyenyewe. Alipiga yowe likasikika hadi kwa wavuvi. Baba mkwe akaamua ninywe mwafi, dawa ya kiapo: ukiutapika huna hatia, ukikaa tumboni wewe ni mchawi. Mchawi anarudishwa kwao peke yake. Mtoto anabaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walitoka upande huu.

Nikakimbilia misheni kwa Eliud, mgawa dawa. Akanicheka. "Chatu gani, dada? Huyo ni tegu. Ni mnyoo tu." Akanipa dawa ya kijani, nzito, chungu kuliko nyongo, na mafuta ya mbarika ya kuifuatishia. Nami kwa busara yangu nikawaita wote waje kushuhudia. Nilitaka wamwone mnyoo kwa macho yao, waniachie mwanangu.

Akili nyingi huondoa maarifa. Haya, tuendelee.

"Bado?" alipaza sauti baba mkwe kutoka nyuma ya nyumba.

Alikaa nyuma ya nyumba kwa sababu kwetu mke wa mtu haonani na baba wa mumewe. Akija njia hii, wewe unaingia migombani, unainama, unajifunika hadi apite. Humsemeshi. Hutaji jina lake, na mimi silitaji hata leo, si kwa heshima tena bali kwa mazoea ya ulimi. Kwa hiyo kila alichotaka kuniuliza kilipitia kwa mume wangu.

"Tata anauliza, bado?" akasema Lutengano.

Nilitaka kujibu kwamba kama ana haraka aje asukume. Nikajibu, "Bado."

"Bado, tata!"

Eliud alikuwa amesimama karibu kuliko wote, shati jeupe, kitambaa puani. "Maji ya chungu bado yana uvuguvugu? Yakipoa tegu anajikunja na kukatika. Kichwa kikibaki ndani, anaota upya."

"Bado yana moto."

"Vizuri. Na leo usile ndizi mbivu pamoja na maziwa. Vinagandana tumboni, vinakuwa udongo."

Ndizi na maziwa nimekula pamoja tangu nina meno mawili. Lakini hapo sikuwa na hali ya kubishana, maana tumbo lilinishika na kunikunja mpaka nikang'ata jani la mgomba.

Sitawaficha. Nikifichaficha mtadhani nawadanganya kwa mengine. Alitoka mweupe, bapa, wa kuteleza, na alipoanza kutoka hakuwa na mwisho. Nilidhani ni utumbo wangu mwenyewe unaotoka. Nikataka kupiga kelele, nikatapika kidogo mkononi. Harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyooza. Nikainama nikatazama ndani ya chungu, nikaona amejilundika kama kamba ya kufungia ndama, na bado anajivutavuta majini.

Kinyaa nilichokisikia hakina jina. Kumbe siku zote nilikuwa nakaa na yule, namlisha, na mwanangu namnyonyesha kwa kinachobaki. Nilitamani nivue ngozi niioshe ziwani.

Lakini juu ya kinyaa ilikuja furaha. Nikajifunga, nikanyanyua chungu kwa mikono miwili, nikatoka nacho migombani kifua mbele, utadhani natoa mahari.

"Njooni!" nikasema. "Njooni mtazame! Hiki ndicho kilichokuwa tumboni mwangu. Ni mnyoo!"

Wanawake wawili wa jirani walichungulia. Mmoja akakimbia mara ileile. Wa pili akakaa chini kwa kukosa nguvu ya kukimbia.

"Chungu changu!" akalia mama mkwe. "Chungu changu cha Ikombe! Nilikivusha ziwa zima kwa mtumbwi, kimekumbatiwa kama mtoto, leo mmekifanya nini?"

Aliyesogea ni Ambilikile. Huyu alikuwa mpishi wa mwafi, na ndiye aliyeitwa watu wakifa vifo vya mashaka, awapasue tumbo kutafuta dalili za uchawi kwenye utumbo. Alikuwa mtu mrefu asiyecheka. Alichukua kijiti, akakitumbukiza chunguni, akamwinua yule mnyama taratibu. Kijiti kikafika usawa wa kifua chake, na mnyama bado alikuwa ananing'inia ndani ya maji.

Mnyama akatikisika mara moja.

"Yu hai," akasema Ambilikile.

"Ndiyo, yu hai," nikasema kwa furaha ya mpumbavu. "Minyoo inakuwa hai."

"Nimepasua matumbo mengi," akasema, sauti ya chini. "Kwa maiti anajificha. Unakuta amepita tu, unaona njia yake. Sijapata kumwona mwenyewe." Akamrudisha chunguni kwa adabu, kama mtu anayemrudisha mgeni kwenye kiti. "Huyu ni chatu mchanga."

Nikarudi nyuma hatua moja, maji ya chungu yakanimwagikia miguuni.

"Chatu gani?" Eliud akaingilia. Akatoa kitambaa puani ili asikike vizuri, akakirudisha haraka. "Jamani, sikilizeni. Huyu ni tegu. Anatoka kwenye nyama ya ng'ombe isiyoiva. Ile nyama ya msibani, mnayoipitisha juu ya moto kama mnaisalimu tu, damu inachuruzika mpaka viwikoni. Ndani ya nyama ile kuna vijitegu vidogo. Ukiila mbichi, kijitegu kinakua. Ndiyo habari yote."

"Nyama ya damu inatia nguvu," akasema Ambilikile.

"Inatia tegu."

"Ana macho?"

"Nani?"

"Huyo tegu wako."

"Hana macho. Hana hata mdomo."

"Nyoka asiye na macho wala mdomo," akasema Ambilikile, akiwageukia wengine, "na anakula ng'ombe wa watu. Mmesikia wenyewe."

Eliud akakunja uso. "Tena nawaambieni, hata kule kula kwake si kwa sababu ya tegu. Mama anayenyonyesha lazima ale! Ninyi mnampa ukoko wa ugali na mchuzi wa jana, halafu mnashangaa anakonda. Kama tegu ni uchawi, basi wachawi ni wengi hapa. Yeyote aliyekula nyama ile anaweza kuwa naye."

Mimi nikamshukuru Mungu moyoni, nikadhani maneno yamewaingia.

"Kimetoka nini?" ikauliza sauti ya baba mkwe nyuma ya nyumba.

Wote wakamtazama Lutengano. Lutengano akatazama chungu, akanitazama mimi. Nilikuwa mkewe. Alikuwa amelala na mimi, amekula mkononi mwangu, na mbele yake alikuwa amesimama mtu wa misheni aliyemweleza kila kitu kwa ufasaha. Alichotakiwa kusema ni neno moja: mnyoo.

Nikaona mdomo wake ukijikunja kwa kinyaa.

"Nyoka, tata," akasema.

Tangu siku ile sauti ya mwanaume huyo ikinijia masikioni nasikia ladha ya mbarika. Mtu akukatae kwa ajili ya kosa, sawa. Lakini akukatae kwa sababu kilichokuwa tumboni mwako kimemtia kichefuchefu, na yeye nyama ya msibani alikuwa anaila kabla yako, akichagua ile yenye damu!

Hukumu ilikuja kwa kupitia ukuta, haikukawia. Kesho, umande ukikauka, ninywe mwafi palepale migombani, mbali na njia wanayopita askari wa boma. Wadachi walikuwa wameukataza mwafi, na aliyemnywesha mwenzake alichapwa viboko.

Ambilikile akaongeza lake. "Na kwa kuwa huyu wa misheni amesema walioila nyama ni wengi, mimi sitaki baadaye niambiwe nilichagua. Akimaliza Angetile, yeyote ambaye mkeka wake umeonekana na vitu vya namna hii, naye atakunywa. Awe mdogo, awe mkubwa. Katika mwafi sina shemeji wala ndugu."

Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa bado analilia chungu, akanyamaza ghafla. Nililiona hilo, lakini nilikuwa na yangu.

Walipotawanyika, Eliud alichokonoa chungu kwa kijiti muda mrefu, kichwa amekigeuzia pembeni, akihema kwa mdomo.

"Kichwa hakionekani," akasema. "Kichwa chake ni kidogo, mfano wa punje ya ulezi. Labda kimebaki." Akatoa mfukoni kichupa cha pili cha dawa ya kijani na mafuta yake. "Pumzika kwanza, upate nguvu. Kisha unywe hii alfajiri, hujala kitu. Kabla jua halijafika utosini itakukimbiza, tena itakukimbiza kwelikweli, basi usiwe mbali na chungu."

"Na mwafi je?"

"Mwafi ni sumu tu, dada. Kutapika au kutotapika ni habari ya tumbo, haina habari na moyo wa mtu. Mwenye tumbo jepesi anatapika, awe mwizi, awe mtakatifu."

"Tumbo langu halina kitu. Umelifagia lote. Nitatapika nini?"

Eliud akakunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Basi nenda bomani," nikasema. "Kawaambie."

"Bomani ni huko milimani. Hata nikikimbia, nitarudi na askari mambo yamekwisha. Na mimi nakaa na watu hawa." Akavaa kofia. "Nitakuombea."

Akaondoka na shati lake jeupe. Nikatema mate pale alipokuwa amesimama. Alijua kila kitu kuhusu tegu, kasoro kwamba tegu yule alikuwa na mwenyewe.

Jua lilipoanza kushuka, mama mkwe alikuja nilipokuwa nimekaa na Ipyana. Hakuja kwa kelele zake. Alikuja akitazama nyuma, na mkononi alikuwa na jani la mgomba lililofungwa.

"Ugonile, juba," nikamwamkia kwa salamu yetu ya asubuhi, nikimwita mama, ingawa ilikuwa jioni na ingawa sikutaka.

"Ndaga." Akachuchumaa. "Fungua hili. Usilie."

Nikafungua. Vipande vyeupe, bapa, vya ukubwa wa mbegu ya boga. Vingine vimekauka, vingine bado vinajivuta juu ya jani. Nikalisukuma jani lile mbali.

"Umekung'uta tena mkeka wangu? Hujachoka tu?"

"Si wa kwako."

"Wa nani?"

Mama mkwe alikuwa na kazi ya kukung'uta mikeka asubuhi, na katika mji ule mikeka aliyoikung'uta ilikuwa ya kwangu na ya mumewe.

Nikamtazama. Akainamisha macho.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kabla Lutengano hajaoa."

"Na ulinyamaza miaka yote hiyo."

"Ningesema nini? Niende nikapige yowe kwamba mume wangu amebeba chatu?"

"Kwangu ulipiga."

"Wewe ni mtoto wa watu," akasema.

Alilisema bila ubaya wowote, kama anavyosema mvua inakuja. Hapo ndipo niliposikia kichefuchefu kile cha asubuhi kinarudi, na safari hii hakikuwa cha mnyoo. Miaka yote anakung'uta mkeka wa mumewe, anafukia migombani, anaosha mikono, anapika. Siku alipoviona kwangu akaita kijiji. Na yule mzee mwenyewe anakaa nyuma ya ukuta, anahukumu. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema kama mke wa nyani huwa analiona.

"Unataka nini, juba?"

"Ile dawa nyingine. Nimeona yule wa misheni akikupa. Ambilikile ana kijicho na mume wangu tangu zamani. Umemsikia leo: awe mdogo, awe mkubwa. Akija akafunua mkeka wetu tumekwisha. Nipe nimtoe huyo mdudu kabla hajaonekana."

"Baba atakubali kunywa?"

"Nitamwambia ni dawa ya nguvu. Kitu kikiwa kichungu yeye hakiulizi. Anasema uchungu wake ndio uponyaji. Nyongo ya mbuzi anailamba hivihivi."

Dawa ile ilikuwa yangu. Eliud alikuwa amesema wazi: kichwa kikibaki, mnyama anaota upya. Nikajiwazia yule kamba mweupe akirefuka tena ndani yangu, pingili kwa pingili, nikasisimka mwili. Hata hivyo nilikuwa tayari kuitoa. Naapa nilikuwa tayari kuitoa kwa moyo mweupe, pamoja na maelekezo yake yote ya kweli. Nilitaka kitu kimoja tu.

"Na Ipyana?" nikauliza.

"Ipyana amefanya nini?"

"Nikikupa dawa utasema kwa ajili yangu? Nikishindwa kutapika kesho, utanipa mwanangu?"

Mama mkwe akanyoosha mkono akampapasa mtoto kichwani. "Ipyana ni wa ukoo, mwanangu. Usihangaike. Nitamlea vizuri, sitamnyima kitu. Maziwa yapo."

"Na mayai? Anapenda mayai."

"Mayai hapana. Mtoto akila mayai anakuwa mwizi."

Alikuwa amekwisha kupanga hata chakula chake. Mimi bado nimekaa pale, napumua, mtoto yuko kifuani mwangu ananyonya, na mwanamke huyu amekwisha kupanga atakula nini na hatakula nini nikishaondoka.

Hapo ndipo nilipodanganya. Nasema mbele yenu wote: nilidanganya kwa makusudi, na sijapata kujuta.

"Ichukue, juba," nikasema. "Mpe alfajiri, kabla hajala kitu. Mpe yote, na mafuta yake."

"Itamshikaje? Kesho ana baraza. Ndiye atakayesema mbele ya watu."

"Haitamshika. Kwangu ilikuwa kali kwa sababu mimi ni mwanamke, tena nanyonyesha. Kwa mwanaume inakwenda polepole. Jioni ndipo inatoka, kimyakimya."

"Jioni?"

"Jioni. Atakuwa amekwisha kurudi nyumbani, amekaa peke yake."

Akakificha kichupa kiunoni. Akasimama, akasita.

"Ndaga fijo," akasema. Tangu niolewe pale hajawahi kunishukuru kwa lolote. Halafu akaongeza, "Kile chungu utakisugua kabla hujaenda kwenu."

Nilikisugua. Alfajiri nilikisugua kwa majivu na mchanga mpaka kikawa kinang'aa kama siku kilipotoka Ikombe. Kisha nikamwambia Lutengano, "Nipashie maji. Nataka nioge kabla ya kunywa, nisife mchafu." Akapasha, akaniletea mtungi, akauweka mbali nami na kuondoka bila kunitazama. Bado alikuwa anaogopa mikono yangu.

Maji sikuyaoga. Niliyabeba.

Umande ulipokauka wakakusanyika uwanjani, mbele ya migomba ileile. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya majani, kwa sababu baba mkwe alikuwa uwanjani na haifai anione. Chungu nilikuwa nacho. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyetaka kukikaribia. Niliwasikia wote bila kuwaona. Nilimsikia Ipyana mgongoni kwa mama mkwe akiniita, "Juba, juba," na yule bibi yake akimtuliza. Maziwa yakanitoka yenyewe, yakalowesha nguo.

Ambilikile akapenyeza mkono kwenye majani. Mkononi alikuwa na kibuyu, ndani yake mwafi wa rangi ya kutu, unanuka maganda yaliyovunda.

"Subiri mwenye mji aseme," akaniambia. "Akimaliza, unywe wote."

Nikakishika. Tumbo langu lilikuwa tupu kama ngoma, na nilijua nikinywa hakutatoka kitu.

Baba mkwe akaanza. Alikuwa msemaji mzuri, siwezi kumnyima. "Ndugu zangu, mji wetu umeoza. Kuna watu kati yetu wanakaa na sisi, wanakula na sisi, na ndani ya matumbo yao..."

Akanyamaza.

Nikatega sikio.

"Ndani ya matumbo yao," akarudia, "kuna... kuna kitu ambacho..."

Kilisikika kitu kikinguruma. Nilikijua. Jana yake kilikuwa tumboni mwangu.

"Tata, unaumwa?" ikauliza sauti ya Lutengano.

"Siumwi! Nani amesema naumwa?" Akahema. "Nasema hivi. Mtu mwenye kitu tumboni hawezi kukificha. Kitatoka. Kitatoka tu, apende... apende asipende..."

"Kaa chini, baba," akasema mama mkwe haraka. "Kaa, mwingine aseme."

"Sikai!" Na kwa sauti ile nilijua kwamba kukaa ndicho kitu asichokiweza kabisa.

"Kunywa sasa," akaniambia Ambilikile, mkono bado umo ndani ya majani. "Kunywa, mwanamke. Unangoja nini?"

Nikainua kibuyu mpaka mdomoni. Mwafi ukagusa midomo yangu, ukaichoma. Nikahesabu mapigo ya moyo, nikaomba niwe sijakosea saa.

Ndipo nikasikia miguu. Miguu ya mtu mzito, aliyejibana, anayekimbia huku hataki kukimbia. Haikuelekea nyumbani, kwani nyumbani kulikuwa mbali. Ilielekea kwenye majani ya karibu.

"Si huko!" akapiga yowe mama mkwe. "Baba Lutengano, si huko! Yumo mkweo!"

Mkono wa Ambilikile ukatoka kwenye majani. "Anakimbia nini huyu?" akauliza. Kisha, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, sauti ya mtu anayekaribia kufurahi: "Hebu mfuateni."

Migomba ikaanza kutikisika. Mila ilinitaka niiname. Nijifunike uso, nikimbie, nisionwe. Miaka yote niliyokaa katika mji ule sikuwahi kumwona mtu huyu uso kwa uso, wala kumsemesha neno.

Nikaweka mwafi chini. Nikasimama wima, kichwa wazi. Chungu cha Ikombe kilikuwa mbele yangu, na maji niliyotia yalikuwa bado ya vuguvugu.

Majani yakapasuka. Akatokea mzee mfupi kuliko nilivyodhani, jasho linamtiririka, mikono imeshika tumbo, macho yamemtoka. Nyuma yake vichwa vya watu vilikuwa vinakuja, na cha Ambilikile kilikuwa mbele yao.

Nikakisogeza chungu kwa mguu, mpaka miguuni pake.

"Ugonile, tata," nikamwambia.